Wenzi wa Safari Wanaojua Kukataa

Aliyewahi kucheza Baldur's Gate ya mwaka 1998 hataisahau sauti ile. Umemaliza kupigana pangoni, umeokota ulichookota, umefika ukingoni mwa ramani na unataka kutoka. Unabofya. Msimulizi anakuambia, kwa sauti nzito isiyo na haraka, kwamba huwezi kuondoka mpaka uwakusanye wenzako. Unageuka kutazama: wanne wako nyuma yako, wa tano amekwama kwenye kona ya ukumbi, anakwenda mbele na kurudi nyuma kama kuku aliyepotewa na mlango wa banda. Unamfuata, unamvuta, unabofya tena. Sauti inarudia maneno yale yale, maana sasa mwingine ndiye aliyebaki.

Wachezaji walilalamika sana. Walisema waundaji wa gemu wameshindwa kuwafundisha watu wao kutembea, na hawakukosea: njia nyembamba ya mgodini iliweza kumchosha mtu kuliko vita vyenyewe. Lakini zaidi ya robo karne imepita na maneno yale ya msimulizi yamegeuka kuwa kama salamu. Ukiyatamka mbele ya mtu aliyecheza enzi hizo, atacheka na kukusogezea kiti. Mimi nadhani yalipendwa kwa sababu yalisema wazi gemu hizi ni za namna gani. Huendi peke yako, na aliyebaki nyuma ni wako kama alivyo wako aliyetangulia.

Nimecheza gemu za msafara kwa miaka mingi, na nimewasikiliza wachezaji wenzangu wakizibishania kwa miaka hiyo hiyo. Wanabishana kuhusu silaha, kuhusu picha, kuhusu ugumu wa vita. Hayo huisha. Ubishi usioisha ni ule unaohusu watu: nani umchukue, nani umwache, na nani alikuumiza. Husikika kama ubishi wa barazani kuhusu jirani wa kweli. Nimekuja kuamini kwamba gemu ya aina hii hupata thamani yake pale mwenzako wa safari anapoweza kukuambia hapana.

Kwa msomaji ambaye gemu kwake ni mpira wa kwenye skrini, ule wa kulipia mechi kwa mechi kibandani, nieleze kidogo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanaizunguka meza; mmoja anasimulia, na kila mmoja wa waliobaki anamwendesha mhusika wake. Huyu ni mpiganaji mwenye ngao, yule ni mchawi, wa tatu ni kuhani anayetibu majeraha, wa nne ni mwizi wa kufungua makufuli. Unapojaribu jambo lenye mashaka, dadu huamua. Raha yake kubwa ni kwamba wanaosafiri nawe ni rafiki zako wa kweli, wenye maoni yao, wanaoweza kukataa mpango wako wa kipumbavu kabla hamjafa wote.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya msimulizi, ikaweza hesabu zote, lakini rafiki haikuwa nao. Gemu nyingi za mwanzo zilikupa nafasi sita tupu uzijaze mwenyewe: unachagua jina, unachagua kazi, unaondoka na askari sita wasio na neno. BioWare, studio iliyoanzishwa mwaka 1995 huko Edmonton, Kanada, na kundi la watu wakiwemo madaktari watatu wa tiba, Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip, ilichukua njia nyingine. Katika Baldur's Gate unamuunda mtu mmoja tu, wewe mwenyewe, yatima uliyelelewa katika ngome ya vitabu ya Candlekeep. Wengine unawakuta njiani. Wako 25, na msafara una nafasi sita pamoja na yako. Baadhi yao, Minsc akiwemo, jitu lenye kipara linaloshauriana na panya wake mdogo aitwaye Boo, walitoka kwenye meza ambako waundaji wenyewe walikuwa wakicheza.

Hapo ndipo vita vya maoni vilipoanza. Kuna mchezaji anayetazama namba. Anajua kwamba Edwin, mchawi wa Thay mwenye kiburi, ana nafasi nyingi za uchawi kuliko mchawi mwingine yeyote utakayemkuta, basi anamtaka. Tatizo ni kwamba Edwin ni mwovu, na gemu ile inahesabu sifa yako kutoka 1 hadi 20. Ukiokoa wanakijiji mno, sifa inapanda, Edwin ananuna, ananung'unika, na siku moja anaondoka. Ukiua wasio na hatia, sifa inashuka, na wanaoondoka ni wema. Tena Edwin anamtaka Dynaheir afe, na Dynaheir ndiye mchawi ambaye Minsc ameapa kumlinda. Huwezi kuwachukua wote ukategemea amani.

Mchezaji wa namba alikasirika: nimemlea mtu huyu kwa saa 40, nimempa kanzu bora na fimbo bora, halafu ananiacha kwa sababu nimemsaidia bibi kizee? Mwingine akamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya kuwa na mtu. Nilikuwa upande wa kwanza nilipokuwa kijana. Siko tena.

Kilichonitoa huko ni Khalid. Khalid alikuwa mpiganaji mwoga, mwenye kigugumizi, ambaye mambo yakiwa magumu hukimbia na kuiacha safu wazi. Mkewe ni Jaheira, mwanamke shupavu ambaye kila msafara ulimhitaji. Lakini wale walikuwa mume na mke: ukimfukuza Khalid, Jaheira naye anaondoka. Wachezaji wakagundua njia. Walimpeleka Khalid mbele peke yake, bila silaha, auawe, kisha wakaendelea na mjane. Lilikuwa jambo la kawaida. Watu walifundishana namna ya kulifanya kama wanavyofundishana njia ya mkato ya kwenda sokoni. Nami nililifanya.

Mwaka 2000 ikaja Baldur's Gate II. Inaanza gerezani, chini ya ardhi, mikononi mwa mchawi Jon Irenicus. Unamfungua Jaheira kwenye kizimba chake, mnatafuta njia ya kutoka, na katika chumba kimoja mnakuta maiti ya Khalid. Ameteswa. Jaheira anaanguka juu yake. Nimekutana na wachezaji wengi wanaosema hapo ndipo walipoona aibu, na naijua aibu hiyo vizuri. Mtu ambaye kwetu alikuwa mzigo wa namba mbovu alikuwa mume wa mtu.

Gemu hiyo ya pili ndiyo pia iliyotuletea Yoshimo. Mwizi mcheshi, mchangamfu, anayekukuta gerezani mle mle na kukusaidia kutoka. Kazi yake anaiweza, mdomo wake unapendeza, basi wengi tulimweka kundini bila kuwaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Mnapofika mahali paitwapo Spellhold inafichuka kwamba alikuwa amefungwa na Irenicus kwa kiapo cha kichawi akuuze, na hakuna namna ya kumwokoa. Anapigana nawe na kufa. Kinachobaki ni moyo wake, ambao unaweza kuupeleka hekaluni ili apumzike. Wapo waliosema huo ni uonevu kwa mchezaji, kwa kuwa muda wote uliomlea unateketea bila onyo. Wengine, nami nimo, tuliubeba ule moyo kwa njia ndefu ambayo hakuna aliyetulazimisha kuipita.

Kuhusu ubishi mwingine maarufu, ule wa vita viendeshwe papo kwa papo au kwa zamu, nitasema machache. Gemu za kale za BioWare ziliacha wote wapigane kwa pamoja huku wewe ukisimamisha saa utakapo ili kutoa amri. Wanaozipenda wanasema vita huwa na joto. Wasiozipenda wanaona vurugu tupu ya watu wadogo wakipigana juu ya madoa ya moto. Kwa zamu, kila mmoja anangoja zamu yake kama kwenye bao, na unaona matokeo ya kila uamuzi. Mwaka 2020 ilipojulikana kwamba Baldur's Gate ya tatu ingekuwa ya zamu, wakongwe wengi walihisi wameporwa. Mimi niligundua kwamba vita vya zamu vinanifanya nimtazame kila mwenzangu usoni kabla ya kumtuma, na tangu hapo sina la kulalamikia.

Kabla ya kufika huko lazima nipite kwa Alistair.

Dragon Age: Origins ilitoka Novemba 2009, kazi ya BioWare ile ile, lakini sasa msafara umepungua hadi watu wanne. Alistair ni kijana mwanajeshi, mcheshi wa kuficha majonzi, ambaye kiongozi wake Duncan, aliyekuwa kama baba kwake, anakufa vitani Ostagar kwa sababu jenerali Loghain aliondoa jeshi lake na kuwaacha mfalme na wapiganaji wake wakichinjwa. Safari nzima mnaifanya mkiwa na jambo hilo moyoni. Mwishoni, mbele ya baraza la wakubwa wa nchi, unamshinda Loghain, na unapewa nafasi ya kumsamehe na kumwingiza kundini. Hoja zipo: ni jemadari hodari, adui mkubwa yuko mlangoni, kila mkono unahitajika. Ukikubali, Alistair anautoka msafara. Hata kama mmepita naye nchi nzima, hata kama ndiye mpenzi wako, anakuambia kwamba hawezi kusimama pamoja na mtu yule, na anaondoka.

Nimesikia watu wakimwita mtoto. Nimesikia wengine wakisema yeye pekee ndiye aliyekuwa na msimamo katika ukumbi ule. Miaka inapita na wachezaji hawajakubaliana, na sidhani watakubaliana, kwa kuwa kila upande una haki. Gemu hiyo ilikuwa na dosari yake pia: unaweza kununua mapenzi ya wenzako kwa zawadi, ukampa huyu kioo cha dhahabu na yule picha ya kuchorwa, chuki ikayeyuka. Wengi waliiona njia hiyo kuwa rahisi mno, na nakubaliana nao. Lakini hakuna zawadi inayomrudisha Alistair.

Sasa Baldur's Gate 3. Studio ya Larian, ya mjini Ghent nchini Ubelgiji, chini ya mwanzilishi wake Swen Vincke, iliiuza sehemu ya kwanza ya gemu hiyo kuanzia Oktoba 2020 ikiwa bado haijakamilika, na kwa karibu miaka mitatu ikawa inasikiliza wachezaji wanasema nini. Toleo kamili lilitoka kwa kompyuta tarehe 3 Agosti 2023. Ndani ya siku kumi zaidi ya watu 870,000 walikuwa wakiicheza kwa wakati mmoja kwenye duka la Steam pekee. Ilizoa tuzo kuu za mwaka, ikiwemo BAFTA ya gemu bora. Kwangu ilihitaji kwanza nafasi ya GB 150 kwenye diski. Niliipakua kwa usiku kadhaa, nikisubiri bando la usiku lianze, nikilala na kompyuta ikiunguruma mezani.

Niliicheza pamoja na mpwa wangu, aliyekuwa likizo kutoka chuo. Gemu ina maandishi katika lugha zaidi ya kumi na Kiswahili hakimo, kwa hiyo nilikuwa nikisoma mazungumzo kwa sauti na kuyageuza palepale, yeye ameketi kitandani akitoa hukumu. Ilinichukua siku mbili kujua kwamba kumgeuza mtu kwa Kiswahili ni kumchagulia tabia. Lae'zel, mpiganaji wa kabila la githyanki mwenye ngozi ya kijani, anapokutolea amri, je, anasema "fungua" au "nifungulie"? Nikimpa "fungua", mpwa wangu anakunja uso.

Tulimkuta Lae'zel akining'inia kizimbani, amenaswa na watu wanaomwogopa. Ameshatukaripia mara tatu kabla ya hapo.

"Anko, muache huyo humo humo," mpwa wangu alisema. "Mtu hana shukrani."

Hayo ndiyo maoni ya wachezaji wengi sana walipomwona mara ya kwanza. Tangu toleo la awali watu walilalamika kwamba wenzi wa gemu hii ni wakali, wenye dharau, kila mmoja na siri yake, na kwamba hakuna wa kumpenda. Nikamfungua. Wiki moja baadaye tulikuwa naye katika ngome ya watu wake, ambako aligundua kwamba malkia wake Vlaakith, aliyemwabudu tangu utotoni, amewadanganya maisha yao yote. Sura haibadiliki sana, sauti ya msanii wake Devora Wilde inashuka kidogo tu, na unamwona mtu amepoteza nchi. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda. Ukimwacha kizimbani hutayaona hayo, na hakuna atakayekuambia ulichokosa.

Dadu nazo zilizua yao. Katika toleo la awali wachezaji walilia kwamba wanakosa shabaha mara nyingi mno. Mapema mwaka 2021 Larian ikaongeza dadu za kupunguza mikosi mfululizo, unaweza kuziwasha au kuzizima. Hadi leo wapo wanaokerwa kwamba ukipata 1 unashindwa hata jambo ambalo mhusika wako ni bingwa wake, tofauti na kanuni za mezani. Hoja yao ni nzuri. Hata hivyo nimeona kwamba visa vinavyosimuliwa kwa furaha zaidi ni vya 1 ile, pale maneno matamu yalipogoma na msafara mzima ukalazimika kupigana na watu ambao ungeweza kunywa nao.

Malalamiko mengine yalifundisha zaidi. Gemu ilipotoka, wengi walishangaa jinsi wenzi walivyokuwa wepesi kuwapenda. Gale, mchawi wa Waterdeep ambaye tayari watu walimnung'unikia kwa kula pete na mikufu yao ya kichawi ili kutuliza kitu kilichomganda kifuani, alikuwa akikutongoza baada ya mazungumzo machache. Vincke mwenyewe alieleza kwamba ilikuwa hitilafu: kiwango cha mapenzi kinachohitajika kilikuwa chini kuliko kilivyokusudiwa. Ikarekebishwa. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba walioiona kasoro hiyo ni wachezaji, watu waliokuwa wakipendwa. Walisema: huyu hanijui bado, ananipendaje?

Kisha kuna Astarion, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa sijui mhusika mwingine wa miaka hii aliyewagawa watu hivi. Ni mnyonya damu, mtumwa wa bwana wake Cazador kwa miaka 200, aliyetumwa kila usiku kuwavuta watu kwa uzuri wake hadi kwenye meno ya bwana. Anakuja kundini akitabasamu, na usiku mmoja unaamka unamkuta ameinama juu ya shingo yako. Wapo wanaomuua hapo hapo. Wapo wanaompa shingo. Neil Newbon, aliyemtia sauti na mwendo, alipata tuzo ya uigizaji bora katika The Game Awards ya Desemba 2023, na aliistahili.

Mwishoni Astarion anasimama mbele ya Cazador akiwa na nafasi ya kuikamilisha ibada ambayo bwana wake aliiandaa: atatembea juani bila kuungua, hataogopa mtu tena, atakuwa na nguvu kuliko wote. Gharama yake ni roho 7,000 zilizofungiwa chini ya jumba, wakiwemo watu aliowavuta yeye mwenyewe. Unaweza kumsaidia au kumzuia. Kundi moja la wachezaji linasema mtu aliyeteswa karne mbili ana haki ya kutoogopa tena, na kumzuia ni kumwambia abaki dhaifu ili sisi tujisikie wema. Kundi la pili linasema mtazameni baada ya ibada: namna anavyosema na mpenzi wake, namna anavyotaka apigiwe magoti. Amekuwa Cazador.

Niko katika kundi la pili, lakini nimewahi kukaa na dada mmoja wa kundi la kwanza kwa saa nzima na sikumshinda. Aliniambia kwamba wanaomhukumu Astarion hawajawahi kuogopa kurudi nyumbani. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijalipata. Gemu inayoweza kuwatoa watu wawili katika mazungumzo ya meno na mapanga hadi kwenye jambo hilo imefanya kazi ambayo riwaya nyingi hazijaifanya.

Si kila mara waundaji walishikilia uamuzi wao. Mwanzoni, kumpata Minthara, kamanda katili wa jeshi la adui, kulihitaji umsaidie kuwachinja wakimbizi waliojificha msituni. Ukifanya hivyo, wenzi wengine wawili, Wyll na Karlach, wanakuacha kwa uchungu, kama ipasavyo. Wachezaji walimtaka Minthara bila ya damu hiyo. Wakavumbua njia ya kumpiga hadi azimie badala ya kumuua, kisha kumkuta tena mbele ya safari. Waundaji wakaja kuihalalisha njia hiyo katika sasisho. Nimefurahi na nimesikitika. Nimefurahi kwa sababu Minthara ni mwenzi wa kuvutia sana kumsikiliza. Nimesikitika kwa sababu zamani alikuwa na bei, na sasa unampata kwa rungu.

Kwa upande huo wa masikitiko naiweka Dragon Age: The Veilguard, iliyotoka tarehe 31 Oktoba 2024, miaka kumi baada ya gemu iliyoitangulia katika mfululizo ule. Vita vyake vinapendeza macho na ilifanya kazi vizuri kwenye mashine za watu, sifa ambayo si ndogo siku hizi. Lakini msafara umepungua hadi wewe na wenzako wawili, na hao huwaongozi moja kwa moja, unawaagiza tu watumie ujuzi wao. Malalamiko niliyoyasikia mara nyingi kuliko yote ni kwamba wale wenzi ni wapole mno. Wakikosana, wanapatanishwa kwa maneno mazuri, na hakuna neno unaloweza kusema likawaumiza kweli. Mmiliki wa BioWare, kampuni ya EA, alitangaza Januari 2025 kwamba gemu ilifikiwa na wachezaji wapatao milioni 1.5, karibu nusu tu ya walivyotarajia. Siwezi kusema upole ndio uliowafukuza watu. Sababu za soko ni nyingi. Tena kuna waliotumia nafasi hiyo kuwatukana waandishi kwa mambo yasiyohusu uandishi, na hao siwahesabu. Nazungumzia wale waliompenda Alistair wakiwa vijana, wakaifungua gemu mpya wakimtafuta mtu wa kugombana naye, wakakuta kila mtu anakubali.

Narudi kwa Karlach wa Baldur's Gate 3, maana ndiye aliyefunga likizo yetu.

Karlach ni mwanamke mpiganaji mwenye pembe, aliyeuzwa akiwa kijana na mtu aliyemwamini, akapelekwa Avernus, jehanamu ya vita, wakamtoa moyo na kumwekea injini ya moto. Miaka kumi alipigana huko kabla ya kutoroka. Anachotaka ni chai, hewa, jua, na kukumbatiwa, na kukumbatiwa hawezi kwa kuwa mwili wake unaunguza. Mnamtafutia fundi, mnamtafutia chuma cha kuzimu, na siku inafika anapoweza kumshika mtu mkono. Hakuna mwenzi anayependwa kirahisi kama yeye. Hata wanaomchukia Lae'zel na kumwogopa Astarion wanakubaliana kuhusu Karlach. Na Karlach anakufa. Injini ile haikuumbwa kwa dunia hii. Njia zinazobaki mwishoni ni aungue, ageuke kiumbe asiyekuwa yeye tena, au arudi Avernus, mahali alikoapa kwamba ni afadhali afe kuliko kurudi.

Gemu ilipotoka, wachezaji waliomba tiba. Waliomba kwa maelfu, na waliomba kama watu wanaomwombea ndugu aliye wodini. Larian haikutoa tiba. Mwishoni mwa Agosti 2023 iliongeza onesho jipya kwa wanaomshawishi arudi Avernus akiwa na mwenza wa kupigana naye, ili mwisho wake uwe na matumaini kidogo. Novemba mwaka huo ikaongeza usiku mmoja wa sherehe, miezi sita baada ya ushindi, wenzi walio hai wakikutanika tena kambini, chakula mezani, barua kutoka kwa wasiofika. Huo nao ulitokana na maombi ya wachezaji, waliosema safari ya saa 100 haiwezi kuisha bila watu kuagana. Walikuwa na haki. Na waliokataa kumpa Karlach tiba walikuwa na haki pia.

Ilikuwa saa nane za usiku tulipofika gatini. Adui ameanguka, mji umenusurika, jua linachomoza juu ya maji. Karlach anaanza kuwaka. Anakasirika, analia, anasema hataki kufa, na anasema pia kwamba harudi kule. Maneno ya kumshawishi yalikuwepo kwenye skrini, mstari wa pili.

"Anko, chagua hilo," mpwa wangu alisema.

"Amesema hataki."

"Atabadilisha. Sisi tutakwenda naye."

Nilikuwa nimemsikiliza Karlach tangu Machi, kila usiku kambini, akisema jambo lile lile kwa njia tofauti. Sikulichagua. Aliungua akitazama bahari. Mpwa wangu alisimama, akaenda kunywa maji, akarudi na kusimama nyuma ya kiti changu.

"Rudisha nyuma," alisema. "Pakia ile ya kabla ya vita."

Sikurudisha. Tukaingia kwenye usiku wa sherehe. Lae'zel alikuwa ameruka na joka lake kwenda kupigania watu wake. Gale alikuwa anafundisha. Tulizungumza na mmoja mmoja, nikageuza kila neno kwa Kiswahili, taratibu, kwa kuwa hatukutaka usiku ule uishe. Tulipomaliza wote nikasogeza mkono kwenda kwenye kitufe cha kufunga.

"Subiri, Anko," alisema. "Zunguka kambi tena. Kule nyuma ya mahema hatujafika."

Nikazunguka.